Wengi Mno Kuhesabika

Kazi yangu ni kuwahesabu.
Kila asubuhi Mabula huniletea chupa sita:
Kirumba, Igogo, Mkuyuni, mdomo wa Mto Mirongo,
na mbili za bomba, baada ya klorini.
Nachuja, nawalaza kwenye visahani,
nawafunika kwa joto la mwili wa mtu
usiku kucha, kama yaya anayelea watoto wa adui.
Kesho yake wamechanua, madoa ya manjano.
Kila doa tunaliita koloni,
neno ambalo marehemu baba hakutaka kulisikia mezani.

Sifuri ndiyo sifa yangu.
Sifuri bombani, watu wa Mabatini wanywe salama.
Miaka kumi na minne nimeisaka
na nadhani siku moja nilirudi nayo nyumbani,
kwenye mfuko wa koti, bila kujua.

Maana tumbo langu, jamani.
Ugali wa muhogo tonge nne, sato upande mmoja,
linakaza kama ngoma iliyoanikwa juani.
Kiungulia kinapanda, kinagonga koo,
kinakaa kizingitini kama mdai asiye na haya.
Kushiba bila kula.
Mbuke, mke wangu, haulizi tena kama chakula ni kitamu.
Anauliza, “Kimekwenda?”

Basi vidonge.
Kwanza vya kutafuna, vyeupe, vyenye ladha ya chaki.
Kisha vya kuua, kwa kuwa mimi naamini kuua:
rangi mbili, kutwa mara tatu,
duka la pale stendi ya Nyegezi, bila cheti.
Muuzaji hufungua droo kabla sijafungua mdomo.
Kuharisha, vidonge. Mafua, vidonge.
Safari ya Sengerema, vidonge vya tahadhari.

Kipimo cha mpira kooni hakikuona kidonda.
Daktari Nyamizi akanibonyeza juu ya kitovu kwa vidole viwili,
akauliza, “Unafanya kazi gani?”
Nikamwambia. Akacheka, si kwa dharau.
“Kumbe na maji yako ya ndani umeyatia dawa.”

Akasema humo mna mji.
Wakazi wasio na hati, waliohamia siku uliyozaliwa,
wengine kwa mlango uleule wa mama yako.
Wanavunja yale ambayo tumbo peke yake haliwezi.
Wanatuma salamu kwenye mishipa: legea, shusha, pitisha.
“Ukiwafukuza kila mwezi, unadhani nyumba inabaki tupu?
Wanaingia wahuni, wanawasha moto sebuleni.”
Kisha akavua miwani.
“Siahidi kitu. Hata sisi bado tunasoma.”

Jumamosi Shangazi Nkwimba akashuka kutoka Magu
na kibuyu cha maziwa mgando.
Nikataka kukiosha kilipoisha. Akaninyang'anya.
“Hiki hakionji sabuni. Kinafukizwa moshi, kinapewa maziwa.
Wa jana watawafundisha wa leo.”

Nilikuwa nimeiba kijiko kimoja. Nikakipeleka maabara,
nikakizimua mara mia, mara elfu,
nikafunga mlango kama mwizi.
Asubuhi kisahani kilikuwa cheupe chote,
hapakuwa na pa kuchomeka sindano.
Tuna maneno yetu daftarini kwa hali hiyo:
wengi mno kuhesabika.
Nikiyaandika maneno hayo, napiga simu, koki inafungwa,
mtaa mzima unabeba ndoo.

Nilisimama nacho dirishani.
Nje, ziwa na magugu yake,
mawe yamebebana kama yalivyobebana jana.
Sikumbuki kuwatazama hivyo kabla,
bila chupa ya dawa mkono wa pili.
Kalamu ikakauka wino au nilisahau kuandika.

Jioni nikanywa kikombe. Chachu, moshi, uvuguvugu.
Nikacheua kwa aibu.
Usiku wa manane kiungulia kilikuja, kilichelewa, lakini kilikuja.
Mbuke akageuka gizani:
“Kimekwenda?”
“Bado,” nikasema. “Wanakijadili.”